Fundi Tujibu: Redio Kaseti Iliyolala Miaka Mingi

Barua za safari hii karibu zote zinahusu redio kaseti za stirio za miaka ya 1970 na 1980, zile kubwa zenye mpini juu na spika mbili mbele. Kabla hatujaanza kujibu, neno moja kwa wote: redio hizi mara nyingi haziharibiki kwa kuungua. Mpira unaoza, grisi inaganda, viunganishi vya swichi vinaota kutu. Anayeanza kazi kwa kushika chuma cha kulehemu ameanzia mwisho.

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Nimerithi redio kaseti ya marehemu babu yangu. Haijawashwa zaidi ya miaka ishirini, na chumba cha betri kimejaa unga mweupe na wa kijani. Naweza kuichomeka kwenye umeme nione kama bado inaimba?

JIBU: Usiichomeke bado. Tazama kwanza mgongoni au ndani ya chumba cha betri, kuna kiswichi cha kuchagua volti kinachogeuzwa kwa bisibisi: 110, 127, 220, 240. Kikiwa kwenye 110 nawe una umeme wa 230, transfoma itaungua kabla hujasikia chochote. Kagua pia waya wa umeme. Ukipasuka ganda unapoukunja, huo ni wa kutupa.

Sasa huo unga. Betri za alkali huvuja kitu chenye ualkali, na dawa yake ni siki. Betri za kawaida za zinki na kaboni huvuja chumvi yenye asidi, dawa yake ni bikaboneti ya sodiamu iliyokorogwa na maji kidogo. Kama hujui zilikuwa betri gani, dondosha tone moja la siki. Likitoa povu, endelea na siki. Tumia pamba ya kijiti, si kumwagia, kisha pitisha pamba yenye maji safi, na mwisho spiriti ya isopropili ili maji yakauke. Springi zisugue kwa msasa laini hadi chuma king'ae. Wengi huishia hapo na redio haiwaki, kwa sababu ile kutu ya kijani hutambaa ndani ya ganda la waya unaotoka kwenye springi. Pima kwa multimita kutoka springi hadi mwisho wa waya kwenye saketi: ukipata zaidi ya omu moja, kata waya kidogo kidogo mpaka uone shaba nyekundu, au badilisha waya wote.

Jaribio la kwanza lifanyike kwa umeme wa betri, si wa ukutani. Hesabu nafasi za betri kubwa: sita ni volti 9, nane ni volti 12, kumi ni volti 15. Unganisha chanzo cha umeme chenye kikomo cha mkondo kwenye vituo vya betri, weka kikomo miliampea 500, sauti iwe chini kabisa. Redio yenye afya, kaseti ikiwa imezimwa, hula takriban miliampea 100 hadi 250. Ikigonga kikomo papo hapo na volti ikaporomoka, zima. Kuna shoti mahali, na mara nyingi ni saketi ya amplifaya ya sauti au kapasita kubwa (kidude kinachohifadhi chaji ya umeme). Usiye na chanzo cha namna hiyo tumia betri mpya, lakini pitisha waya mmoja kwenye fyuzi ya ampea 1. Usiamini tundu la umeme wa nje mpaka usome mchoro ulio kando yake, maana redio nyingi za Japani za enzi hizo zina hasi katikati, kinyume na adapta nyingi za siku hizi.

Na ikifanya kazi kwa umeme wa ukutani ikakataa betri, usihangaike na saketi. Ndani ya tundu la waya wa umeme mna swichi inayokata betri waya ukichomekwa. Ikiota kutu hairudi. Puliza dawa ya kusafishia swichi, chomeka na kuchomoa mara ishirini.

SWALI: Mafundi wetu, kaseti zangu zinaimba polepole na sauti inayumba. Juzi ikameza utepe kabisa nikaukata kwa mkasi. Nimeambiwa mota imekufa. Ni kweli?

JIBU: Mota ndiyo ya mwisho kushukiwa. Fungua kifuniko cha nyuma, toa mtambo wa kaseti, utazame belti. Belti ya umri huu huwa na hali mojawapo kati ya tatu: imelegea, imekauka ikabaki na umbo la kona za puli, au imegeuka lami nyeusi. Hiyo lami ndiyo kero. Vaa glavu, kwa sababu ikigusa nguo haitoki. Ikwangue kwanza kwa kijiti cha mbao, kisha pamba na spiriti ya isopropili, puli moja baada ya nyingine, hadi pamba itoke nyeupe. Mabaki kidogo tu kwenye mfereji wa puli ya mota yanatosha kuifanya belti mpya iyumbe kila mzunguko.

Kupata kipimo, usipime belti ya zamani kama imelegea. Zungusha uzi kwenye njia yote ya belti, mota hadi gurudumu zito na puli nyingine zilizomo, kata, upime. Toa asilimia 5 hadi 7. Mfano uzi ukiwa milimita 235, tafuta belti yenye mzingo wa ndani wa milimita 220. Wauzaji wengine hutaja kipenyo, kwa hiyo gawanya kwa 3.14: milimita 70. Umbo la belti nalo lisibadilishwe. Iliyokuwa ya pembe nne, mara nyingi unene wa milimita 1.2, irudi ya pembe nne. Iliyokuwa bapa irudi bapa. Tunaona watu wakichagua belti fupi kupita kiasi wakidhani kukaza ndiko kuponya. Belti iliyokazwa mno huvuta ekseli ya mota upande, bushi inalika, na mwendo unazidi kuwa mbaya kuliko ulivyokuwa.

Kuhusu kumeza utepe. Utepe husukumwa na kapstani, ule mhimili mwembamba wa chuma, ukibanwa na rola ya mpira. Kazi ya kuukusanya ni ya kikombe cha kulia, kile kinachoingia kwenye tundu la kaseti na kuizungusha. Kikombe kikikosa nguvu, rola inaendelea kutoa utepe ambao hakuna anayeupokea, unajikunja, unajizungushia kwenye rola. Kwa hiyo kosa haliko pale unapouona utepe umekwama, liko kwenye kikombe. Bonyeza PLAY bila kaseti na ushike kikombe cha kulia kwa kidole: kinatakiwa kikupe ukinzani mwepesi, ulio sawa muda wote, kisha kiteleze. Kikisimama bila kukusumbua, safisha kigurudumu cha kati chenye ukingo wa mpira kinachokiendesha. Kama mpira wake umekuwa mgumu na unang'aa, paruza kidogo kwa msasa namba 600, na usipopata nafuu badilisha huo ukingo.

Rola ya mpira ioshwe kwa maji na sabuni ya vyombo, ifutwe ikauke. Kapstani ifutwe kwa spiriti mpaka ule ukungu wa kahawia utoke wote. Tone moja la mafuta mepesi ya mashine chini ya kapstani linatosha. La pili litafika kwenye rola, na likishafika huko umerudi mwanzo.

Kama kaseti inaanza vizuri kisha inajizima baada ya sekunde chache, angalia belti nyembamba ya kaunta ya tarakimu. Kwenye mitambo mingi hiyo ndiyo inayoambia redio kwamba vikombe vinazunguka. Belti ikikatika, redio inadhani utepe umefika mwisho.

Yakishatimia hayo yote, ndipo uguse mwendo. Utepe wa kaseti hupita kwa sentimita 4.76 kwa sekunde. Cheza kaseti ya majaribio yenye mlio wa hezi 3000, usome mlio kwa programu ya kupima masafa kwenye simu. Ukisoma 2910, uko nyuma kwa asilimia 3, na sikio la mwanamuziki litalalamika. Mgongoni mwa mota kuna kitundu, pengine kimezibwa kwa kipande cha mpira. Ndani mna skrubu ndogo. Acha redio icheze dakika 10 ipate joto, kisha geuza kwa bisibisi ya plastiki, kwa unywele tu, hadi upate kati ya 2985 na 3015. Ukiwa kati ya 2985 na 3015 acha hapo, kwa sababu kaseti zenyewe hazilingani. Mota ikigoma kutulia hata belti ikiwa mpya, hapo ni halali kuilaumu. Ununuapo nyingine linganisha volti, mwelekeo wa kuzunguka ulioandikwa CW au CCW, na idadi ya mizunguko kwa dakika, ambayo mara nyingi ni 2400.

SWALI: Yangu inaimba spika moja tu. Nikigusagusa kinobu cha sauti inakwaruza na wakati mwingine ile nyingine inarudi. Nikibonyeza kurekodi inapiga kelele kali. Nibadilishe saketi ya amplifaya?

JIBU: Hapana. Maneno yako "wakati mwingine inarudi" yanatosha kuiachilia huru. Saketi iliyokufa hairudi.

Kuna sehemu tatu za kusafisha, na usiruke hata moja. Ya kwanza ni tundu la vidude vya masikioni, lina swichi inayozima spika ukichomeka. Ya pili ni kinobu cha sauti chenyewe. Ya tatu, ambayo hukosewa zaidi, ni swichi ndefu ya kurekodi na kucheza iliyolala kwenye ubao wa saketi: kijisanduku cha bati chembamba chenye safu mbili za miguu, kinachosukumwa na mkono wa chuma kutoka kitufe cha REC. Ndani yake mna viunganishi vingi, na kila kimoja kina haki ya kuota kutu. Kikibaki nusu njia, njia ya kurekodi na ya kucheza zinagusana, na hiyo ndiyo kelele kali unayosikia.

Puliza dawa ya kusafishia swichi kwenye ncha zake mbili kupitia kile kijirija chembamba, isukume kwa mkono kwenda na kurudi mara thelathini, puliza tena, rudia. Subiri robo saa kabla ya kuwasha. Kwa vinobu tumia dawa iliyo na mafuta kidogo ndani yake, kwa sababu iliyo kavu kabisa huondoa ulainisho na kinobu kinakuwa kizito. Mafuta ya kulegeza kutu ya gereji yasikaribie hapo. Hukusanya vumbi na baada ya miezi mikwaruzo hurudi.

Ikishindikana, ndipo ubadilishane waya za spika, kushoto kwenda kulia. Ukimya ukihama pamoja na waya, spika ni nzima. Ukibaki kwenye spika ile ile, pima koili yake: spika ya omu 8 husoma karibu 6 au 7. Mita ikionyesha njia imekatika, umempata mgonjwa.

SWALI: Nimesoma kwamba lazima kapasita zote zibadilishwe kwenye redio ya zamani. Nimehesabu zaidi ya sitini. Mnasemaje?

JIBU: Tunasema usibadilishe sitini. Kila unapochomoa kapasita kwenye ubao wa miaka 40 kuna hatari ya kubandua njia ya shaba, na ukigusa zile ndogo za seramiki kwenye upande wa kunasa stesheni utaipoteza mizani iliyopangwa kiwandani.

Fuata dalili. Redio inavuma kwa umeme wa ukutani hata sauti ikiwa sifuri? Iweke betri. Mvumo ukitoweka, kosa ni kapasita kubwa ya kuchuja umeme, kwa kawaida mikrofaradi 2200 au zaidi, au dayodi zilizo kabla yake. Besi imepotea upande mmoja? Tazama kapasita iliyo kati ya amplifaya na spika hiyo, mara nyingi mikrofaradi 470 hadi 1000. Iliyovimba kichwa au iliyoacha doa la unyevu chini yake iondoke bila mjadala.

Mpya iwe na mikrofaradi zile zile, volti sawa au zaidi (16 inaweza kuwa 25, kamwe isiwe 10), na iandikwe 105°C. Mstari wa hasi uelekee palipokuwa na mstari wa hasi. Piga picha kabla ya kuchomoa, maana alama zilizochapwa kwenye baadhi ya mbao hizi huonyesha chanya na nyingine hasi.

SWALI: Nimesafisha hedi, kile kichwa kinachosoma utepe, lakini muziki wa kaseti bado umezibwa, kama unatoka chumba cha pili. Redio yenyewe inaimba vizuri.

JIBU: Hedi imepinda. Kando yake kuna skrubu mbili; moja imekazwa, nyingine ina springi chini yake na pengine tone la rangi. Hiyo yenye springi ndiyo ya kugeuza. Weka kaseti iliyorekodiwa kiwandani yenye matoazi au filimbi, weka redio kwenye MONO kama ina swichi hiyo, ugeuze taratibu, si zaidi ya robo mzunguko kila upande. Kuna mahali ambapo sauti nyembamba zitafunguka ghafla na ukipita zitazibwa tena. Rudi pale katikati, funga kwa tone la rangi ya kucha. Ujue tu kwamba kaseti ulizorekodi kwa redio hiyo hiyo ikiwa imepinda sasa zitasikika vibaya. Kama hizo ndizo hazina yako, pangia hedi kwa mojawapo ya hizo, si ya kiwandani.

SWALI: Nilinunua redio kaseti nzuri iliyotoka Japani, lakini FM inaishia 90. Stesheni zote za kwetu ziko juu ya hapo.

JIBU: Masafa ya FM ya Japani ya enzi hizo yalikuwa megahezi 76 hadi 90. Tazama vizuri kioo cha stesheni kabla ya kukata tamaa: ukikuta baada ya 90 pameandikwa TV na tarakimu 1, 2, 3, una bahati. Hizo zilikuwa chaneli za televisheni za Japani zilizokaa kati ya 90 na 108, na redio yako itazinasa stesheni za FM zilizo hapo bila kuguswa. Kama haina, weka kigeuza masafa, kile kidude kinachotumika kwenye magari kutoka Japani, kati ya antena na mahali waya wa antena unapoingia kwenye saketi. Kupandisha masafa kwa kutanua au kubana koili kunawezekana, lakini upana wa redio hiyo ni megahezi 14 na wa FM ya kawaida ni 20, hivyo utapata sehemu tu na utapoteza nyingine.

Na kabla hatujasahau: redio ya soko la Japani ni ya volti 100. Itumie kwa betri au kwa transfoma ya kushushia umeme.

SWALI: Mshale wa stesheni hausogei, uzi umekatika.

JIBU: Uzi mwembamba uliosukwa, wa nailoni, unene wa milimita 0.6 hivi. Uzi wa kuvulia samaki ulio mmoja usiosukwa unateleza, usiutumie. Zungusha gurudumu la stesheni hadi mwisho wa masafa ya chini, funga ncha ya kwanza ndani ya gurudumu, pita kwenye vipuli vyote, zungusha mara mbili na nusu au tatu kwenye ekseli ya kinobu, umalizie kwenye springi ikiwa imevutika nusu ya uwezo wake. Mshale ukienda kinyume na kinobu, umezungusha ekseli upande usio wake. Mshale bandika mwisho, ukiwa umeshanasa stesheni unayoijua namba yake.

SWALI: Je, naweza kucheza muziki wa simu kupitia tundu la MIC? Nilijaribu, sauti ikawa ya kukoroma.

JIBU: Tundu la maikrofoni linatarajia milivolti chache, simu inatoa mamia. Kwa kila chaneli, weka rezista ya kiloomu 47 kwenye waya unaotoka kwenye simu, na kutoka mwisho wake upande wa redio weka rezista ya omu 470 kwenda graundi, yaani waya wa pamoja wa saketi. Sauti itapungua mara mia moja hivi, na kukoroma kutaisha. Redio nyingi zitakutaka ubonyeze REC na PAUSE pamoja, kaseti tupu ikiwa ndani, ndipo upitishe sauti ya MIC kwenye spika. Kama redio yako ina tundu la mviringo la pini tano, pini ya 2 ni graundi. Kwenye mitambo ya kurekodi, 1 na 4 ndizo za kuingizia, na zinahitaji rezista ya kiloomu 470 kwa kila moja.

Wanaotaka kufunga kipokezi cha Bluetooth ndani kabisa, tatizo mtakalokutana nalo ni mluzi na mikwaruzo inayotoka kwenye umeme wa kipokezi chenyewe. Hutokea kwa sababu graundi ya umeme na graundi ya sauti zinakutana mara mbili. Tumieni kigeuza volti kilichotengwa graundi kushusha 12 kuwa 5, na graundi ya sauti iungwe mahali pamoja tu, kwenye kinobu cha sauti.

SWALI: Gundi ya stika na uchafu kwenye plastiki niondoe kwa nini? Nimeshauriwa asetoni.

JIBU: Asetoni na thina vitayeyusha plastiki yenyewe pamoja na maandishi. Gundi iloweke kwa mafuta ya kupikia dakika 20, ifute, kisha osha kwa maji ya sabuni. Maandishi ya rangi ya fedha yasisuguliwe hata kwa spiriti. Jaribu kwanza sehemu ya chini isiyoonekana, na pamba ikitoka na rangi, rudi kwenye sabuni.